Kamera ndogo ya video kwenye mechi za ndondo: mwendo inaukamata vipi

Mi narekodi mechi za ndondo, soka la mtaani, huku Temeke na kamera ndogo ya video, zile hendikamu za kushika mkononi, full HD, sio 4K. Nataka niongelee kitu kimoja ambacho ukienda Kariakoo muuzaji hakigusi kabisa: mtu akikimbia mbele ya lenzi, picha inakuwaje? Utaambiwa zumu mara ngapi, megapikseli ngapi, basi, na hayo winga akishachomoka hayakusaidii kitu.

Kilichonifanya niipende hii kamera ni 50p. Kamera nyingi za AVCHD, yaani mfumo wa kurekodi video wa hendikamu hizi, ukizitoa kwenye boksi zimesetiwa 50i, yaani fremu moja inachukuliwa nusu nusu, mistari ya witiri kwanza halafu ya shufwa, na katikati hapo inapita 1/50 ya sekunde, sasa mchezaji keshasogea, ukija kuigandisha kwenye kompyuta unakuta miguu imekuwa meno meno kama kitana. Kwenye 50p unapata fremu 50 nzima kila sekunde, mbio zinaonekana laini, na goli ukilirudisha slo nusu spidi bado halikwamikwami. 50p iliingia rasmi kwenye AVCHD mwaka 2011, ikaenda mpaka megabiti 28 kwa sekunde, kwa hiyo ukinunua mtumba wa zamani zaidi ya hapo fungua menyu kwanza uone kama ipo.

Mchana wa jua kali haina shida kabisa. Naweka shata 1/500, yaani kila fremu inapokea mwanga kwa 1/500 ya sekunde tu, mpira unaonekana mduara wake vizuri hata ukipigwa shuti. Kwa harusi au ngoma mi nashuka mpaka 1/100, maana shata ikiwa kali sana mwendo unaonekana unarukaruka, jicho linachoka.

Jioni sasa. Saa kumi na mbili hivi giza likianza, ukiiacha kwenye oto kamera inajishushia shata mpaka 1/25 ili ipate mwanga, hapo mpira unageuka mkia mrefu na wachezaji wanagandaganda. Dawa yake ni kuzima oto slo shata kwenye menyu, picha itakuwa na chenga kidogo na giza giza, lakini bora chenga kuliko kutojua nani kafunga. Sensa, kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, hapo hakuna ujanja mwingine.

Kinachoniudhi kweli ni ukigeuza kamera haraka kufuata kaunta ataki, milingoti ya goli inalala upande. Ni hizi sensa za siku hizi zinazoitwa CMOS, zinasoma picha mstari kwa mstari toka juu kwenda chini, wakati inafika chini wewe umeshageuka. Zile kamera za kanda za miniDV zenye sensa ya aina nyingine, CCD, hazikuwa na huu ulemavu, ila zenyewe ukilenga taa kali zilikuwa zinaweka mstari mweupe toka juu mpaka chini. Mi siku hizi nakaa mbali na uwanja, nageuza taratibu, na kamera ikiwa kwenye stendi yake ya miguu mitatu nazima kizuia mtikisiko maana kinavuta picha nyuma halafu kinaiachia ghafla, inaudhi.

Na wale wanaoagiza mitumba ya Marekani, tafadhali sana, nyingi ni 60i au 60p na umeme wetu ni hezi 50, ukirekodi ukumbini kwenye tyubu laiti mwanga unapwitapwita video nzima. Weka shata 1/100 itatulia, ila hakikisha kamera inakubali kusetiwa shata kwa mkono, kuna za bei rahisi zina oto tu, hizo mimi sinunui hata kwa nusu bei.

Ukienda dukani toka nayo nje barabarani, rekodi bodaboda inapita, halafu igandishe picha usome plet namba. Ukiisoma, anza kuongea bei.