Kegi na pipa la kuchachushia: kagua mpira kabla ya chombo

Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, ukikaribia, malalamiko yanayonifikia kutoka Mtwara, Masasi na Newala huwa ni yale yale. Kegi, yaani mtungi wa stili wa kuhifadhia kinywaji chenye gesi, imejazwa mvinyo jioni, asubuhi gesi yote imekwisha. Pipa jipya linadondosha tone moja moja kwenye koki, na baada ya wiki chache kinywaji kimegeuka siki. Wote wanauliza swali moja: chombo gani hakivuji?

Chombo chenyewe ni nadra kuvuja. Stili ya kegi nzima haipitishi gesi na plastiki nene ya pipa haipitishi maji. Panapovuja ni pale vipande viwili vinapokutana, na hapo kazi yote imeachiwa kipande cha mpira cha bei ndogo. Kwa hiyo vyombo nimevipanga kwa ubora wa mpira wake na jinsi unavyokaa. Ukubwa, rangi na mng'aro sivigusi, maana hivyo muuzaji atakueleza hata kabla hujauliza.

Namba moja: kegi mpya ya AEB, lita 19

AEB ni ya Italia, na umbo lake ni lile la kegi za soda za zamani: mfuniko wa umbo la yai unaofungwa kwa mkono wa chuma, na juu vichwa viwili, kimoja cha kuingizia gesi na kingine cha kutolea kinywaji. Ina oringi tano, yaani pete za mpira za kuzuia kuvuja. Moja kubwa ni ya mfuniko, mbili zimezunguka vichwa kwa nje, na mbili ndogo zimejificha chini ya vichwa, zimeshika shingo za mirija inayoshuka ndani ya kegi. Naipendelea waziwazi kuliko nyingine. Oringi zake ni za kipimo cha kawaida, kwa hiyo pakiti yoyote ya oringi za kegi za aina hii (zile ambazo kiunganishi, kile kipande cha kuunga mpira wa gesi au wa kinywaji kwenye kichwa, husukumwa chini kikalia "kli", si zile za pini pembeni) itaingia. Mdomo wake nao unakuja umenyooka, haujapigwa wala kupinda. Mdomo uliobonyea hata kidogo hautengenezeki kwa mpira mpya.

Joto la kwetu lazima liingie kwenye hesabu. Kinywaji kilichotulia kwa psi 12 (psi ni kipimo cha presha, kile kile cha tairi) ndani ya friji ya nyuzi 4 kinasukuma zaidi ya psi 30 kikikaa sebuleni kwenye nyuzi 30, na gesi iliyomo ni ile ile. Oringi iliyochoka ambayo kwenye friji ingevumilia miezi, hapa Mtwara itaumbuka usiku mmoja. Mfuniko lakini una tabia ya kinyume: huvuja presha ikiwa ndogo, kwa sababu ni presha ya ndani inayousukuma juu ukabana. Watu wengi hufunga mfuniko, wakaweka psi 10, wakasikia "ssss", wakadhani kegi ni mbovu. Paka oringi mafuta ya silikoni, funga, ingiza psi 30 mara moja ili mpira ukae mahali pake, ndipo ushushe mpaka presha unayotaka.

Namba mbili: kegi ya soda iliyotumika

Ya Cornelius au Firestone iliyotumika inafaa sana ikiwa bei yake pamoja na oringi tano mpya bado iko chini ya ile ya AEB mpya. Oringi za zamani zing'oe zote, hata zinazoonekana nzima, kwa kuwa mpira hunywa harufu ya soda na kuirudisha kwenye mvinyo wako. Kichwa cha gesi kwa kawaida kina mikato midogo kwenye pembe zake za chini; cha kinywaji hakina. Usivibadilishane, na usikubali kichwa kilichotolewa kwenye kegi ya kampuni nyingine, kwa sababu hesi (mizunguko ya kukazia kama ya skrubu) zinatofautiana. Kitaingia nusu, kitakata hesi, na hapo hakuna oringi itakayokusaidia.

Mulika ndani kwa tochi. Ukiona vidoa vya kutu vilivyochimbika kama ncha ya sindano, iache. Hivyo mara nyingi ni kazi ya dawa ya klorini ya kufulia: mtu aliiloweka humo usiku kucha akidhani anaua vijidudu. Klorini hula stili isiyoshika kutu, na maji ya kisima yenye chumvi yakilala humo kwa muda mrefu hufanya vivyo hivyo. Kegi huoshwa kwa maji ya moto na magadi ya kufulia, halafu husuuzwa mpaka utelezi uishe.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Nenda na kiunganishi cha gesi kilichofungwa kipande cha mpira na valvu ya tairi mwishoni. Fundi yeyote wa baiskeli anakufungia. Beba pia pampu ya mkono yenye geji, na glasi ya maji iliyokorogwa na kijiko kimoja cha sabuni ya maji. Kompresa ya gereji iache, inatema mafuta. Hakikisha mfuniko una valvu ya usalama na ukiivuta inaachia. Kegi isiyo nayo usiipampu kabisa. Jaza mpaka psi 30, paka povu, kisha angalia mapovu yanatokea wapi:

Yakizunguka ukingo wa mfuniko, ni oringi kubwa, au miguu ya mkono wa kufungia imechakaa na haibani. Yakitoka chini ya kichwa, mahali kinapokutana na kegi, ni oringi ndogo ya mrija. Yakitoka katikati ya kichwa, ni ile valvu ndogo yenye springi iliyomo ndani. Ibonye mara mbili tatu, maana huenda ni uchafu tu. Yakionekana pale tu kiunganishi kikiwa kimevalishwa, basi ni oringi ya nje ya kichwa. Haya manne yote hutibika kwa vipuri vidogo. Mapovu yakitoka kwenye mshono wa kegi yenyewe, ondoka.

Povu lisipoonyesha kitu, chomoa kiunganishi, iache kegi kwa muuzaji mpaka kesho, kisha pima tena kwa geji ile ile. Pungufu ndogo ni ile inayopotea wakati wa kuunganisha. Ikiwa imeshuka kwa nusu, kuna mahali inapumua.

Namba tatu: pipa la plastiki lenye koki, lita 30 hadi 60

Hili ni la kuchachushia tu. Gesi isifungiwe humo hata kidogo: mfuniko uwe na mpira mwembamba unaoshuka kwenye chupa ya maji ili hewa ukaa itoke na hewa ya nje isiingie. Chagua plastiki yenye alama ya pembetatu na namba 2, nene, na uhakikishe lilibeba chakula. Mapipa ya bluu yanayouzwa baada ya kubeba kemikali hayasafishiki. Usidanganywe na harufu ya sabuni.

Ubaya wa mapipa ya kwetu uko kwenye tundu la koki. Mafundi wengi hutoboa kwa chuma cha moto. Plastiki inayeyuka, inaacha tuta kuzunguka tundu, na washa, ile pete bapa ya mpira ya koki, hailali bapa juu ya tuta. Ndipo tepu nyeupe inazungushwa kwenye hesi mara kumi, na bado panavuja, kwa sababu kwenye koki ya aina hii hesi haizuii maji. Kinachozuia ni washa iliyobanwa kwenye ukuta ulio bapa. Nunua pipa lisilotobolewa, litobolewe kwa msumeno wa kutobolea matundu ya duara unaofungwa kwenye drili, tundu lisizidi shina la koki kwa zaidi ya milimita 1, sentimita 3 au 4 juu ya kitako cha pipa ili mashapo yabaki chini. Washa ya mpira ikae kati ya koki na ukuta, nati ikazwe kwa mkono kisha robo mzunguko tu. Ukizidisha, washa inajikunja.

Koki iwe ya plastiki au stili. Juisi ya mabibo ina asidi. Ukiiweka kwenye koki ya shaba wiki tatu, inakula madini ya koki na kuyaleta kwenye glasi. Pipa la bati la mabati ni baya zaidi, kwa ajili ya zinki.

Ndoo za koki na madumu ya mafuta ya kula: kwa siku mbili tatu za mwanzo, sawa. Zaidi ya hapo, hapana.

Kuhusu wauzaji, inaniuma. Wapo wanaosafirisha kegi kutoka Dar bila oringi ya mfuniko, halafu mpira huo unauzwa peke yake kwa bei ya kukomoa, wakijua kuwa mtu wa Nachingwea hatapanda basi kurudisha chombo. Nauli ya mzigo analipa mnunuzi kwenda, na akirudisha analipa tena. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mtwara, wamewafundisha watu kutengeneza juisi na mvinyo wa mabibo, matunda ambayo kila msimu huozea chini ya mikorosho baada ya korosho kuokotwa. Watu hao wananyimwa kipande cha mpira! Kabla ya kutuma pesa, dai picha ya oringi zote tano zikiwa zimepangwa mezani, na video ya povu ikiwa kwenye psi 30. Anayekataa mojawapo, usimtumie hata malipo ya awali.

Agiza papo hapo seti mbili za oringi za akiba, valvu ndogo mbili za vichwa na tyubu moja ya mafuta ya silikoni yanayoruhusiwa kwenye chakula. Mafuta ya mgando ya kujipaka huvimbisha baadhi ya mipira, na ya nazi huua povu la bia na kuchacha.