Orodha ya Taifa ya Mabwawa ya Marekani: huduma nzuri kwa anayejua kuisoma

Orodha ya Taifa ya Mabwawa, inayotunzwa na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, ni huduma ya bure mtandaoni inayomwezesha mtu yeyote kutafuta bwawa kwenye ramani na kusoma kimo chake, mwaka lilipojengwa, matumizi yake na daraja lake la hatari. Yaliyomo ni zaidi ya 90,000, na mengi ni matuta ya udongo yaliyozeeka, mengine yakiwa hayana kazi tena ila burudani ya uvuvi na mashua.

Kwa wingi wa taarifa ninaisifu bila kusita. Kinachonikwaza ni jina la daraja lenyewe. Msomaji akikuta "hatari kubwa" atadhani tuta limepasuka, na akikuta "hatari ndogo" atatulia, ilhali daraja hilo halisemi lolote kuhusu uimara wa tuta. Linaeleza tu yatakayowapata walio bondeni likibomoka. Kubwa maana yake huenda watu wakafa. Ya kati ni hasara ya mali au huduma bila vifo kutarajiwa. Ndogo ni hasara inayoishia zaidi kwa mmiliki. Hali ya tuta ina safu yake ya pekee, na yapo mabwawa ambayo hayajapimwa. Ndiyo maana tuta bovu lililozungukwa na malisho huweza kuwa daraja la chini, na nyumba zikijengwa bondeni daraja likapaswa kupanda ingawa hakuna aliyegusa hata koleo moja la udongo.

Nikilisoma daraja hilo hulikumbuka bwawa la Kelly Barnes, Georgia. Lilianza mwaka 1899 kwa mbao na mawe ili kuzalisha umeme, baadaye likafunikwa udongo na kuongezwa kimo, na umeme ulipokoma mwaka 1957 likabaki ziwa la starehe juu ya chuo cha Biblia. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977, baada ya mvua kubwa, lilibomoka na kuua watu 39. Wachunguzi hawakupata sababu moja. Walidhani mteremko mkali wa upande wa nje uliporomoka huku maji yakipenya na kula udongo kutoka ndani. Sheria ya ukaguzi ilikuwapo tangu 1972, lakini ni baada ya vifo hivyo Rais Jimmy Carter alipoamuru mabwawa ya daraja la juu yasiyo ya serikali kuu yakaguliwe.

Kwa hiyo ninaipa huduma hii nyota nne kati ya tano, na anayepanga kupiga kambi chini ya ziwa la zamani namshauri aanze na tarehe ya ukaguzi wa mwisho, kisha aone kama upo mpango wa dharura, ndipo asome daraja. Alama nzuri ya hali ya tuta iliyotolewa miaka kumi iliyopita haijui mizizi iliyoota juu ya tuta tangu hapo, wala utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji yaliyozidi, ulioziba.