Nyota Iliyokatwa Mkia

Sina kawaida ya kuandika malalamiko, lakini kampuni iliyoniuzia usomaji wa sauti wa "The Star", hadithi fupi ya mwandishi Mwingereza H. G. Wells ya mwaka 1897, imeniudhi hata usingizi ukaniruka, na chanzo chake ni aya moja tu, ile ya mwisho, ambayo haimo.

Kwa msomaji wake sina neno. Anasoma taratibu, bila madoido, na alipofika pale ambapo kitu kigeni kutoka nje ya mfumo wa jua kinaigonga sayari ya Neptuni, vyote viwili vikaungana, vikawaka na kuanza kuporomoka kuelekea jua, niligutuka nimesimama jikoni huku maziwa yamefurika na kuzima jiko. Mwanahisabati anayekesha siku nne akipiga hesabu, kisha akaingia darasani kuwaambia wanafunzi wake kwamba binadamu ameishi bure, alisomwa kwa upole ulionitisha kuliko makelele yoyote. Kufikia pale sayari kubwa ya Mshtarii (Jupita) inapoipindisha njia nyota hiyo ikaja upande wetu, theluji za milimani zikayeyuka na bahari ikapanda nchi kavu, nilikuwa nimekwisha kuamua kuwashauri jamaa zangu wote wainunue.

Kisha nyota ikapita, mwezi ukabaki theluthi ya ukubwa wake, walionusurika wakaanza kurejea kwenye magofu ya miji yao, na sauti ikakatika. Ukaja muziki, na baada yake tangazo la kitabu kingine!

Asiyeijua hadithi atadhani imekwisha, na hapo ndipo ubaya ulipo. Aya iliyoachwa ndiyo inayowaleta wanafalaki wa sayari ya Mirihi, viumbe tofauti kabisa nasi, ambao muda wote huo walikuwa wakitutazama, na wanachokiona ni kwamba dunia imepata madhara madogo ajabu: mabara yako pale pale, bahari ziko pale pale, ila ule weupe wa barafu kwenye ncha za dunia umepungua. Mirihi, hata inapotukaribia sana, iko takriban kilomita milioni 55 kutoka hapa, na kwa umbali huo vilio vyote tulivyovisikia ni doa lililosinyaa. Ondoa maneno hayo, kinachobaki ni habari ya mafuriko na matetemeko, ambayo hata gazeti lingeweza kunipa.

Niliwaandikia. Baada ya siku kadhaa, mhudumu wao akanijibu kwamba rekodi imekamilika na kwamba huenda mimi ndiye niliyeshindwa kuifuatilia. Nikamtumia picha ya ukurasa wa mwisho wa kitabu changu. Akajibu, bila hata neno la samahani, kwamba kilichopungua ni kidogo na hakiathiri hadithi. Huyo, nadhani, aliandika akiwa Mirihi.

Nilikuwa nimekusudia kuwaambieni msiinunue kabisa, na fedha yangu bado naidai. Hata hivyo jana usiku niliisikiliza tena, kwa ajili ya yule mwanahisabati tu, nikajikuta nimefika hadi kwenye magofu. Basi nunueni, mkitaka, lakini muwe na kitabu mkononi. Mimi niliuwahi ule muziki, nikaizima simu, nikaisoma aya ya mwisho kwa sauti yangu hii mbovu.