GeoGebra ya 3D: kwa jometri iko vizuri sana, ila isiwe ndo uthibitisho wako

Kama unafundisha tuisheni au una mdogo wako anahangaika na jometri, hii GeoGebra ya 3D, programu ya kuchora na kuzungusha maumbo kama mchemraba, ipakue tu, ni bure na ukishaiweka kwenye simu inapiga kazi hata bando likikata. Ilianzia Austria mwaka 2001, Markus Hohenwarter aliibuni akiwa anasoma Chuo Kikuu cha Salzburg, hii ya 3D ikaja baadaye kwenye toleo la 5, mwaka 2014.

Mimi naipendea zile kanuni za msingi za nukta, mstari na bapa (uso tambarare usio na mwisho), ambazo wengi wetu tulikaririshwa tu tukafaulu tukasahau. Humu unazichokonoa kwa kidole. Nukta mbili mstari mmoja, hiyo haina ubishi. Sasa weka nukta tatu, pitisha bapa, halafu ivute mojawapo taratibu mpaka ikae mstari mmoja na wenzake, bapa linapotea! Maana hapo mabapa yanayoweza kupita hayana idadi, programu haijui ikupe lipi, ni kama mlango kwenye bawaba mbili, unazunguka unavyotaka mpaka komeo liushike sehemu ya tatu. Ndo maana kanuni inasema nukta tatu *zisizo kwenye mstari mmoja*, hayo maneno ya mwisho watu wanayarukaga kila siku. Mabapa mawili yakikatana unapata mstari, hiyo nayo unaiona papo hapo.

Ila utamu wenyewe uko kwenye kusoma michoro. Chukua mchemraba uliochorwa kwenye karatasi: ukingo wa juu wa uso wa mbele unaonekana kabisa umekatana na ukingo wa kushoto wa uso wa nyuma, na mwanafunzi anaweka nukta pale anaiita makutano. Ukiuzungusha kwenye simu unakuta kingo hizo mbili hazigusani popote, sambamba sio, wala hakuna bapa moja linalozibeba zote. Aisee hapo hata yule mbishi wa darasa ananyamaza. Na kwenye michoro ya kawaida ya bapa moja pia usiamini kila kitu, humo unaruhusiwa kuamini nukta ipi iko katikati ya zipi na mistari gani inakutana wapi, lakini urefu kulingana, pembemraba (ile ya 90°), usambamba, hivyo mpaka viwe vimewekewa alama au swali limesema, jicho lako halihesabiki. Vuta ncha moja ya pembetatu kidogo tu uone hiyo 90° yako inavyogeuka 83°.

Cha kuangalia, kwa kawaida inaonyesha desimali mbili, kwa hiyo pembe ya 89.999° itakuandikia 90° bila wasiwasi. Unaweza kuongeza desimali kwenye mipangilio lakini bado hicho ni kipimo sio uthibitisho, na mtihani wa Necta hautaki kipimo cha simu, unataka sababu. Kwa hiyo mtoto akishachezea mwambie arudie kwa penseli na rula, aandike kila hatua kanuni gani imemruhusu.

Kwenye simu yenye kioo kidogo nukta nane za mchemraba zinabanana, kidole kinashika nyingine kabisa. Mwenye kompyuta afungue kwenye kivinjari, huko ni raha zaidi.