Akaunti ya Pensheni ya Hiari kwa Waliojiajiri: Inachotoa na Inachokata

Huduma ninayoitathmini hapa ni akaunti ya pensheni ya hiari, ile ambayo kampuni za bima na za usimamizi wa fedha humuuzia mtu asiye na mwajiri: fundi, mfasiri, wakili mwenye ofisi yake, dereva mwenye gari lake, mwenye duka. Mimi ni mwanachama wa mojawapo, na jina la kampuni siliweki kwa sababu karibu kila ninalolisifu au kulilaumu nimelikuta pia katika hati za masharti za washindani wake. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asipoteze muda: akaunti hii inafaa, lakini ni vazi lililoshonwa kwa vipimo vya mtu mwenye mshahara, na aliyejiajiri akilivaa bila kulipunguza hapa na kuliongeza pale, litambana.

Asili ya tatizo ni ya kale. Sheria ya pensheni ya Ujerumani ya mwaka 1889, iliyopitishwa wakati wa kansela Otto von Bismarck, ilimtaka mfanyakazi achangie, mwajiri naye achangie, na serikali iongeze sehemu yake, na mifumo mingi iliyofuata duniani imeendelea kumchukulia mwajiri kama nguzo ya shughuli yote. Mwajiri ndiye anayekata, ndiye anayepeleka fedha kwa wakati, na ndiye anayeongeza juu ya kile alichokata. Aliyejiajiri hana mtu huyo. Na si kundi dogo linaloachwa pembeni, kwani Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wote wanaofanya kazi duniani, wamo katika sekta isiyo rasmi, ambako makato ya mwajiri ni nadra. Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza katika kuipima akaunti ya namna hii ni jinsi inavyomtendea mwanachama katika mwezi ambao hakuingiza kitu.

Katika hilo, akaunti yangu inapata alama nusu. Fomu ya kujiunga ina kisanduku kimoja tu cha "mchango wa kila mwezi", nacho kinadai kiasi maalumu. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu angependa kutoa asilimia fulani ya kila malipo anayopokea, ingawa ndivyo fedha zinavyomfikia mtu wa kazi za mkataba. Njia ya kulikwepa jambo hili ipo: unaandika kiwango cha chini kabisa wanachokubali, kisha unaongeza mchango wa ziada kila mteja anapolipa, jambo ambalo programu yao ya simu inaliruhusu bila usumbufu. Ukikosa mwezi hutozwi faini, nao ni ubora ambao si kila mshindani anao. Hata hivyo, ukiifungua taarifa ya akaunti na kuisoma mstari kwa mstari, utaona "ada ya utunzaji wa akaunti" ikikatwa kila mwezi kwa kiasi kilekile, awe mwanachama amechangia au hakuchangia. Kwa mwenye akiba kubwa ada hiyo haionekani, lakini kwa anayeanza na vijisenti, halafu biashara ikalala kwa msimu mzima, salio linaweza kushuka huku yeye akiamini kwamba fedha zake zimetulia.

Kufungwa kwa fedha hadi umri wa kustaafu ndiko kunakolalamikiwa zaidi na waliojiajiri, na hapo mimi sikubaliani na wengi. Mtu mwenye biashara huwa na sababu nzuri ya kutumia akiba kila wiki: mzigo umepungua, mashine imeharibika, mteja mkubwa amechelewesha malipo. Akiba iliyo karibu na mkono haivuki misukosuko ya namna hiyo kwa miaka 30. Lakini sifa hii inageuka kuwa kasoro kwa asiye na akiba ya dharura nje ya akaunti, kwa sababu siku ya shida atalazimika kukopa kwa riba kubwa ilhali ana fedha zake mwenyewe asizoweza kuzigusa. Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza ni kutanguliza akiba ya kawaida inayotosha gharama za miezi kadhaa, za nyumbani na za biashara, ndipo mchango wa kwanza wa pensheni uingie. Maofisa mauzo hawasemi hivyo, na sababu inaeleweka.

Sasa ada, ambazo ndizo moyo wa tathmini hii. Ziko za aina mbili kuu: ya kuingilia, inayokatwa mara moja katika kila mchango, na ya usimamizi, inayokatwa kila mwaka katika salio lote. Watu huikasirikia ile ya kwanza kwa sababu inaonekana papo hapo, lakini kwa mtu aliye mbali na kustaafu ni hii ya pili inayokula. Chukua mtu anayeweka 12,000 kila mwisho wa mwaka, katika sarafu yoyote ile, kwa miaka 30, na uwekezaji unaozaa asilimia 6 kwa mwaka kabla ya ada. Ada ya usimamizi ikiwa nusu asilimia, mwishoni atakuwa na takriban 869,000. Ikiwa asilimia 2, atakuwa na takriban 673,000. Tofauti ni kama 196,000, kiasi kinachozidi nusu ya zile 360,000 alizozitoa mfukoni mwake katika miaka yote hiyo. Ada ya kuingilia ya asilimia 5, ambayo kwa masikio ni kubwa zaidi, ingempunguzia asilimia 5 tu ya jumla ya mwisho, ilhali nyongeza ile ya asilimia moja na nusu kwa mwaka inamwondolea zaidi ya moja ya tano.

Lakini hesabu hiyo inageuka kwa anayejiunga akiwa amebakiwa na miaka mitano. Kwake, tofauti ileile ya ada ya usimamizi inampunguzia karibu asilimia 3 tu ya jumla, na ada ya kuingilia ya asilimia 5 ndiyo inayomuumiza zaidi. Kwa hiyo swali la ni akaunti ipi yenye ada nafuu halina jibu moja, na mshauri anayelijibu kabla ya kukuuliza umri wako anakuuzia alichonacho mkononi. Akaunti yangu ina ada zote mbili, ya kuingilia ikiwa ya wastani na ya usimamizi ikiwa ya juu kidogo, na ili kuijua hii ya pili nililazimika kuiomba kwa maandishi, kwa kuwa kipeperushi kinataja tu kwamba "ada za kawaida za mfuko zitatozwa".

Kikotoo kilichomo ndani ya programu yao ndicho sehemu nisiyoipenda kabisa. Unaingiza umri na mchango, kisha mchoro unapanda kwa mkunjo wa kupendeza hadi kwenye tarakimu inayomfanya mtu atabasamu. Kiwango cha faida kimewekwa juu tangu mwanzo, na ingawa kinaweza kushushwa kwa kidole, hakuna mahali popote panapotaja mfumuko wa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, hujirudufu katika miaka 12 hivi na kufikia mara nne katika miaka 24. Uwekezaji unaozaa asilimia 6 katika hali hiyo hauongezi uwezo wa kununua hata kidogo, pamoja na uzuri wote wa mchoro. Mwenye akaunti ya aina hii na ashushe kiwango hicho kwanza kwa ada, kisha kwa mfumuko wa bei, na tarakimu itakayobaki ndiyo aipangie maisha.

Kuhusu uwekezaji wenyewe sina mengi. Kuna mfuko wenye hisa nyingi, wenye hati fungani nyingi (yaani mikopo kwa serikali au kampuni inayolipa riba), na mmoja unaohamisha fedha polepole kutoka hisa kwenda hati fungani kadiri umri wa mwanachama unavyosogea. Asiyechagua huwekwa katika huo wa tatu, uamuzi ambao nauona wa busara.

Wapo watakaosema kwamba hawahitaji haya yote kwa kuwa biashara yao ndiyo pensheni yao, na hoja hiyo haistahili kudharauliwa, maana mtaji unaozunguka katika biashara nzuri huzaa kuliko mfuko wowote wa hati fungani. Udhaifu wake ni kwamba biashara nyingi za mtu mmoja hazina mnunuzi. Wateja wanamjua mwenyewe, ujuzi uko mikononi mwake, na siku mikono hiyo ikichoka kinachobaki ni vifaa vilivyotumika. Tena kipato chake cha leo na uzee wake vyote vinategemea kitu kimoja, kikianguka vinaanguka pamoja. Kwa sababu hiyo naona akaunti hii inafaa hasa kwa mtu ambaye biashara yake inakwenda vizuri, ingawa huyo ndiye anayejiona hana haja nayo. Unafuu wa kodi, ambao matangazo huupigia ngoma, una maana kwa anayelipa kodi ya kutosha. Mwenye kipato kidogo asiyedaiwa kodi hapati chochote kupitia mlango huo.

Upande wa malipo ya uzeeni ndio uliopuuzwa kuliko yote. Hati ya masharti inaeleza kwa kurasa nzima namna ya kuingiza fedha, kisha inaeleza namna ya kuzitoa katika aya moja. Mwanachama anaweza kuchukua sehemu kwa mkupuo, na zinazobaki akazitoa kidogokidogo au akanunua bima ya malipo ya maisha, yaani anuiti. Kwa anayetoa kidogokidogo, kipimo kinachotajwa mara nyingi ni kile cha mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, aliyeonyesha mwaka 1994 kwamba, kwa kumbukumbu za masoko ya nchi hiyo, aliyetoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza na kukiongeza kiasi hicho kila mwaka kwa mfumuko wa bei, angedumu nayo angalau miaka 30. Kwa yule mwenye 869,000, hiyo ni karibu 2,900 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, kwa thamani ya fedha ya wakati huo. Masoko ya kwingine yana historia yake, na mwenye tahadhari ataanza chini ya hapo. Anuiti humwondolea mtu hofu ya kuishi kuliko akiba yake, ila aulize mambo mawili kabla ya kusaini, kwa sababu huwa hayarekebishiki baadaye: kama malipo yatapanda pamoja na bei, na kama mwenzi wake ataendelea kulipwa yeye akifariki. Nilipoyauliza kwa kampuni yangu, wa kwanza kunijibu hakujua, na wa pili alinitumia kipeperushi kilekile cha kujiungia.

Mambo mengine ya huduma ni ya kuridhisha. Taarifa hufika kwa wakati, fedha za wanachama hutunzwa na benki iliyo tofauti na kampuni inayoziwekeza, na fomu ya wanufaika hujazwa na kubadilishwa ndani ya programu bila kwenda ofisini. Fomu hiyo ipitiwe kila ndoa, mtoto au msiba unapobadilisha familia, maana aliyejiajiri hana ofisi ya utumishi ya kumkumbusha. Kuhamia kwa mshindani kunaruhusiwa, lakini gharama yake haimo katika hati niliyopewa. Anayefikiria kujiunga na aidai kwa maandishi pamoja na ada ya usimamizi, na akinyimwa mojawapo, asiweke mchango wa kwanza.