Taa za modeli ya chombo cha anga: zipi ununue, zipi uziache dukani

Chombo cha kwanza nilichokiwekea taa kiliwaka chote. Si madirisha tu wala injini: chote, tangu puani hadi mkiani, kama kandili. Plastiki ya kijivu hupitisha mwanga, nami nililigundua hilo nikiwa nimeshagundisha kila kipande. Ndiyo maana kabla ya taa yoyote naanza na makopo mawili ya rangi, jeusi na jeupe. Piga nyeusi upande wa ndani mara mbili au tatu kuziba mwanga, halafu nyeupe juu yake ili mwanga usambae badala ya kumezwa. Zima taa za chumba, ingiza tochi, ukague kwenye maungio. Hapo ndipo unapovuja.

Sasa taa zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza nazipa LED, yaani vitaa vidogo vinavyotumia umeme kidogo, zile zinazouzwa zikiwa zimeshaungwa waya. Ile ya ukubwa wa 0603 ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8, kwa hiyo inaingia popote, na hutalazimika kulehemu kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Nunua nyeupe ya joto kwa madirisha, nyeupe baridi au buluu kwa injini, na nyekundu chache za pembeni. Usisahau rezista, kile kipande kinachopunguza umeme ili LED isiungue. LED nyeupe hutumia takribani volti 3, hivyo ukiiwasha kwa betri ya volti 9 zinabaki volti 6 za kupunguza. Rezista ya omu 330 itakupa kama miliampia 18, mwanga mkali wa injini. Kwa madirisha mimi hutumia omu 1,000. Mwanga unafifia, na chombo kinaonekana kikubwa. Madirisha makali mno hukirudisha kuwa kitu cha kuchezea.

Pamoja nazo chukua nyuzi za mwanga, yaani nyuzi za plastiki zinazopeleka mwanga wa LED kutoka ncha moja hadi nyingine, za milimita 0.5 na chache za 0.25. Toboa tundu kwa keekee ya mkono, pitisha uzi kutoka ndani, uache kama sentimita moja ikiwa imetokeza nje, kisha paka chombo rangi. Rangi ikikauka, kata uzi usawa na ukuta: ncha iliyokatwa ni safi, na dirisha umelipata bila kufunika kitu. Tahadhari moja tu, supaglu hufanya nyuzi ziwe kavu na kuvunjika, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vipande vya kioo. Tumia epoksi au gundi nyeupe ya mbao.

Ya pili ni seti ya taa iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli fulani. Waya zimepimwa, na mara nyingi kuna kisanduku cha umeme kinachowasha na kuzima taa chenyewe. Ni njia nzuri kwa asiyetaka hesabu za rezista, ila ina bei na haihamishiki kirahisi kwenda modeli nyingine. Hakikisha skeli inalingana, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko chombo chenyewe. Enterprise ya kwanza, chombo cha Star Trek, ya 1/350 ina urefu unaozidi sentimita 80, ya 1/1000 haifiki 30. Seti ya moja haiifai nyingine.

Ya tatu, modeli inayokuja na taa ndani ya boksi. Soma boksi vizuri, kwa maana Bandai, kampuni ya Kijapani ya modeli, imewahi kutoa Millennium Falcon moja, chombo cha Star Wars, ya 1/72 kwa matoleo mawili, lenye LED na lisilo nazo, na picha za nje zinashawishi kwa namna ileile.

Utepe wa LED wa volti 12 nauweka wa nne. Hukatwa kila baada ya taa tatu na ni rahisi, lakini ni mpana na unapata joto. Unafaa chombo kikubwa chenye nafasi, basi.

Mwisho kabisa ni zile taa za mapambo zenye betri ya kitufe. Betri ya CR2032, mojawapo ya hizo, ina akiba ndogo ya umeme, takribani miliampia-saa 220; taa kumi zitaimaliza baada ya saa chache, na wewe umeshakifunga chombo.

Tena hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kuficha betri ndani. Pitisha umeme kwenye kitako: bomba jembamba la shaba nyeupe linabeba modeli na waya mbili, adapta inabaki chini. Linunue pamoja na taa, maana tundu lake hutobolewa kabla ya nusu mbili za mwili kukutanishwa.