Tahadhari: GPS za gari za "ramani ya Zanzibar" zinazouzwa kwenye magrupu

Assalaam alaykum. Madereva wa teksi, wa watalii, na nyinyi wenye magari ya kukodisha, someni hii kabla hamjatuma pesa.

Kuna kijana anatembeza video kwenye magrupu ya madereva hapa Unguja. Anauza GPS ndogo, vile vifaa vya kuonesha njia, za kubandika kwenye kioo cha mbele, za inchi tano na inchi saba. Bei anaanzia laki na themanini, ukimbembeleza anashuka. Maneno yake ni yale yale: ina ramani ya Zanzibar nzima, bure milele, haili bando. Duka hana. Leo atakwambia mkutane Michenzani, kesho Mwanakwerekwe, na akishapokea pesa laini haipatikani. Jina silitaji maana kila grupu anaingia na jina jipya.

Mie kazi yangu kufunga redio na taa za magari, kwa hiyo vifaa hivyo mwisho wake vinakuja mezani kwangu. Watu wanadhani vimeharibika. Havijaharibika, ramani yetu ndiyo haimo. Ukifungua orodha ya nchi unakuta Ufaransa, Ujerumani, Poland, Tanzania hamna. Ukitoka nacho nje kinashika setilaiti vizuri tu na mshale unatembea, lakini unatembea kwenye uwanja mtupu, hakuna barabara hata moja, si ya Bububu si ya Tunguu. Dereva mmoja alikuwa na wageni wa Jambiani. Barabara ya Jambiani anaijua tangu mdogo, alichokitaka ni kile kichochoro cha ndani ilipo nyumba ya wageni, na hapo ndipo kifaa kilipombwaga. Wageni wakashuka, wakawa wanauliza njia wao wenyewe huku yeye anahangaika na kioo cha kifaa.

Video ndiyo inayowaponza watu. Programu za vifaa hivi zina sehemu ya kuigiza safari: unachagua mwanzo na mwisho, kigari cha kwenye kioo cha kifaa kinakwenda chenyewe, bila setilaiti, bila gari lenyewe kusogea. Itazameni tena ile video kwa makini. Kifaa kimewekwa juu ya meza, ndani ya chumba, lakini spidi inasoma hamsini na kigari hakipunguzi mwendo hata kwenye kona. Isimamishe kidogo usome majina ya barabara. Ni majina ya Ulaya hayo.

Wengine wakishanunua anawapigia kwa laini nyengine, ati kuna ada ya mwaka ya "kufunguliwa setilaiti". Hiyo ni wizi mtupu. Setilaiti za GPS ni za serikali ya Marekani, ziko kiasi cha kilomita 20,200 juu ya ardhi, na mawimbi yake anayapokea yeyote bila malipo. Kifaa chako kinapokea tu, hakipeleki kitu huko juu, sasa wa kukufungia ni nani? Ada ya mwezi ipo kwenye kile kifaa chengine, cha kumfuatilia mwenye gari gari lake liko wapi, kwa sababu kile kina laini ya simu ndani. Yeye anavichanganya makusudi.

Kama bado unataka kununua, kwake au kwa mwengine, mtoe muuzaji nje kwenye uwazi, pasiwe na bati wala mwembe juu yenu. Kiwashwe kisubiriwe dakika chache, maana kifaa kilichozimwa muda mrefu huchelewa, na kinahitaji setilaiti nne angalau ili kijue kilipo. Fungua ukurasa wa setilaiti usome namba: hapa mjini lazima uone S 6 na E 39, yaani nyuzi 6 kusini na nyuzi 39 mashariki. Nungwi inakuwa S 5, na Pemba pia S 5, isipokuwa huko juu kama Konde utaona S 4. Halafu wewe mwenyewe, si yeye, andika Makunduchi, kisha andika kijiji chengine unachokijua vichochoro vyake. Kikikosa kimoja, mrudishie.

Tazama na tarehe. Mfumo wa GPS unahesabu wiki, na hesabu ikifika 1,024 inarudi sifuri. Ilirudi mara ya mwisho tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo havikusasishwa vinaonesha tarehe ya nyuma karibu miaka ishirini. Ukiona hivyo, ujue ni mtumba uliotiwa kwenye boksi jipya. Na boksi likiandikwa kwa Kiingereza kwamba ramani ni ya maisha, uliza ramani ya wapi. Kifaa kilichotengenezewa soko la Ulaya kinasasishiwa Ulaya.

Huyu huyu anauza na kadi za kumbukumbu (SD) za redio za magari ya Kijapani. Gari nyingi zetu zinatoka Japani na ramani ya Japani ndani ya redio, na baadhi ya redio kadi ikitolewa zinajifunga, zinadai kadi yake. Kadi anayouza yeye ikikubali, inaifungua redio tu. Ramani inabaki Tokyo. Anayekuahidi Darajani ndani ya redio ile, mwambie akuoneshe kwanza.

Kwa wengi wenu, kusema kweli, hakuna haja ya kununua kitu. Chukua simu ya zamani hata haina laini, weka programu ya ramani, Organic Maps au OsmAnd, pakua ramani ya Tanzania mara moja kwenye Wi-Fi, basi. Zinatumia ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea na kutumiwa na yeyote bure. Visiwa vyetu vimepigwa picha kwa droni tangu 2016 katika mradi wa ramani wa Zanzibar, vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakiwemo, na kwa hapa nyumbani naziamini kuliko kifaa chochote nilicholetewa. Ila usiiache simu juani kwenye dashibodi, betri itavimba.

Mlioumizwa, msifute meseji zake. Namba yake itumeni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kupitia 15040, na mwenye risiti au ujumbe wa malipo aende Tume ya Ushindani Halali wa Biashara.

Ndugu zetu wa Pemba, sasa kawageukia nyinyi: pesa kwanza, mzigo unakuja na boti. Ukiwa Wete huwezi kukijaribu kabla hujalipa. Mwambie amkabidhi mtu wako aliyeko Unguja, akipime uwanjani, ndipo utume. Mmoja wa Chake alimwambia hivyo juzi, akafungiwa namba papo hapo.